Taa ya Bi Somoe

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali maana mimi nilikuwa nimeshaoa, palikuwa na mji mdogo uitwao Nalunyu. Babu zetu walipigana hapo na askari wa mkoloni siku tatu. Siku ya nne hapakubaki wa kupigana. Waliokufa upande wetu walikuwa arobaini na mmoja, na mahandaki waliyofia bado yapo, yamefunikwa na nyasi, yanakungoja uvunjike shingo.

Nisikilizeni vizuri. Mwishoni nitawauliza, na sipendi mtu anayejibu kabla ya kusikiliza.

Kila mwaka, usiku wa ile siku ya tatu ya vita, watu wa Nalunyu waliwaongoza wageni kwa miguu katika uwanja ule. Wageni walikuja kutafuta mizimu. Wenyeji hawakusema mizimu, walisema "wenyewe". Kiongozi alikuwa Bi Somoe, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuvuka bonde. Alibeba taa moja ya chemli, na wote walimfuata mstari mmoja. Vituo vilikuwa vinne. Katika kila kituo aliita majina ya waliofia hapo, kisha akaita majina ya walio hai mstarini.

Kuhesabu watu kulikuwa marufuku. Enzi za mama yake waliondoka ishirini, wakajihesabu katikati ya uwanja wakawa ishirini na mmoja. Tangu hapo waliitana majina tu. Ukiitwa, unajibu "Nipo". Asipojibu mtu mmoja, mstari mzima unarudi nyumbani, na wafu wa vituo vilivyobaki hawaitwi mpaka mwaka unaofuata. Ishikeni sheria hiyo, ndiyo iliyoleta balaa.

Mwaka ninaousimulia, kifua kilikuwa kimembana Bi Somoe. Mwanawe alikuwa amekuja kumchukua akaishi naye mbali, na basi lilikuwa la alfajiri. Alikuwa amewafundisha watu watatu majina yote arobaini na moja, lakini taa ni moja, na mwenye taa ndiye mwenye neno. Basi aliwaita jioni akawaambia kwamba usiku huo wataongoza wao, yeye atafuata tu. Atakayewafikisha watu wote nyumbani salama, huyo atakabidhiwa taa. Taa isipopata mtu kabla ya basi kuondoka, matembezi yamekufa, na wale arobaini na mmoja hawataitwa tena.

Wa kwanza alikuwa Shaibu, fundi baiskeli, mtu asiyevunja sheria hata akiwa peke yake. Alipewa taa, akakaa mbele. Wa pili alikuwa Sikujua, mama muuza uji, mwenye huruma mpaka inamletea hasara. Alikaa katikati. Wa tatu alikuwa Dastani, mwashi, mgongo kama mlango wa boma. Alikaa nyuma kabisa, asiachwe mtu.

Miongoni mwa wageni alikuwamo Mzee Nalinga. Alisafiri siku mbili, na mfukoni alikuwa na kifundo cha unga wa mtama. Babu yake alifia Nalunyu, na hakuna mtu wa ukoo wao aliyewahi kummwagia unga wa tambiko, kwa sababu hawakujua alilala wapi.

Kituo cha kwanza, waliitwa wafu, waliitwa walio hai, kila mtu alijibu. Kituo cha pili, chini ya mti mkubwa wa mtumbati, Shaibu aliita, "Nalinga mwana wa Chitope." Mzee akasimama wima. Huyo alikuwa babu yake, aliyemrithi jina.

Walipoanza kuondoka alimshika Sikujua mkono. Alimnong'oneza kwamba anataka kubaki kidogo na babu yake, amwage unga, amwambie habari za nyumbani, kisha atawafuata. Lakini akisema wazi, mstari utasimama, na akikosekana, wafu wa mbele wataachwa bila kuitwa kwa ajili yake. "Nikiitwa, niitikie wewe," alisema. "Mara moja tu, mwanangu."

Sikujua alikubali. Mzee akajibanza nyuma ya mtumbati, Dastani akapita na macho yake mbele. Wa nyuma haruhusiwi kugeuka, lakini haruhusiwi pia kumwacha mtu nyuma. Hilo lilimshinda.

Kituo cha tatu, Shaibu aliita, "Mzee Nalinga." Sikujua akaifanya sauti yake nzito kama ya mzee, akajibu, "Nipo."

Kituo cha nne, Shaibu aliita tena, "Mzee Nalinga." Sikujua alifungua kinywa. Kabla hajatoa neno, sauti ya mwanamume ilijibu kutoka nyuma ya mstari, nyuma ya Dastani ambaye ndiye aliyekuwa wa mwisho.

"Nipo."

Mimi sijui ilikuwa sauti ya nani. Bi Somoe alijua, alishika kifua akasema taratibu kwamba aliyeitikia si wa kwetu.

Sikujua angeweza kunyamaza. Jina lilikuwa limejibiwa, na kufika nyumbani zilibaki hatua mia mbili. Taa ilikuwa karibu na mkono wake sawa na ilivyokuwa karibu na mikono ya wenzake. Lakini alitoka mbele ya watu wote akasema, "Nimedanganya. Mzee yuko kwenye mtumbati, au yuko shimoni. Kituo cha tatu niliitikia mimi. Mtafuteni, mimi msinihesabu tena kwenye habari ya taa."

Dastani akanyoosha mkono kwa Shaibu. "Nipe taa."

"Sikupi," Shaibu alisema. "Hawa wote wamesimama katikati ya mahandaki. Nikiondoa mwanga, tutawatafuta wote."

Wageni walimtukana. Mmoja alimwambia hana moyo. Shaibu alipanda juu ya jiwe, akainua taa kwa mikono miwili juu ya kichwa, akaanza kuita majina ya wafu, moja baada ya jingine, kwa sauti kubwa, ili aliyeko gizani ajue watu wako upande gani.

Dastani hakungoja kuelewana naye. Alivunja mstari, akageuka nyuma, akaingia gizani mikono mitupu. Alitambaa kwa magoti akipapasa kila ukingo wa handaki. Mara mbili aliteleza, mara mbili akajivuta juu. Alimkuta mzee ndani ya shimo, mguu umevunjika, maji yamemfika kifuani na yanapanda, maana mvua ilikuwa inanyesha milimani. Alimbeba mgongoni. Giza lilikuwa totoro, na hakujua atokako wala aendako, mpaka aliposikia jina, akainua macho, akaona nukta ya mwanga haitikisiki. Akaifuata.

Alipomweka mzee chini, Shaibu alikuwa anamalizia tena jina la arobaini na moja. Mikono yake haikushuka mpaka walipoishika wengine wakaishusha.

Walifika nyumbani wote. Mzee Nalinga alikuwa anatetemeka, lakini alicheka. Alisema mguu utapona, ila kurudi kwao bila kumsalimu babu yake kusingepona.

Bi Somoe akaiweka taa juu ya meza, bado inawaka, akawaambia waseme.

Shaibu alisema, "Bila mwanga wangu, Dastani angetumbukia na mzee mgongoni. Na wageni wote wako hai kwa sababu sikusikiliza matusi."

Dastani alisema, "Nilimpoteza kwa uzembe wangu, sikatai. Lakini mwanga haukushuka shimoni, nilishuka mimi."

Sikujua alikuwa amejitoa mwenyewe. Mzee Nalinga ndiye aliyesema kwa niaba yake. "Huyu ndiye aliyenipoteza, na huyu ndiye aliyewaambia nimepotea. Wawili hawa wasingejua kuna mtu wa kuokoa. Na yeye peke yake ndiye aliyefahamu kwamba wale tunaowaita ni watu, wana wajukuu."

"Alidanganya mbele ya wenyewe," Shaibu akasema.

"Na wenyewe wakamwitikia," mzee akajibu.

Nje, basi likapiga honi. Bi Somoe aliwatazama mmoja mmoja. Alinyoosha mkono kwenye taa, akaurudisha. Akaunyoosha tena.

Honi ya pili. Mafuta ya taa yamebaki kidole kimoja.

Haya, nyinyi mliokaa hapo mmekunja miguu. Mkono ule ni wenu sasa. Nitaita jina mojawapo kati ya matatu, na mwenye haki lazima ajibu "Nipo". Je, nimwite nani?