Aliyeficha Kufaulu Kwake

Wapendwa, kabla hatujasimama kuomba, nipeni masikio yenu kidogo. Katika mji mmoja wa milimani, kule ambako mvua ikianza watu husahau rangi ya jua, walikuwako wanawake wawili marafiki. Mmoja tumwite Sekela, na mwenzake tumwite Atuganile.

Sekela alikuwa karani katika kituo cha kupokelea maziwa cha ushirika wa wafugaji. Mtu mpole, wa maneno machache, ambaye hata akiudhika hukujua mpaka kesho yake. Atuganile alikuwa na chumba cha ushonaji sokoni, akishona sare za shule, na kicheko chake kilikuwa kikubwa kiasi kwamba wateja waliotoka mbali waliambiwa tu, fuateni kule mnakosikia mtu anacheka.

Habari ya kusoma aliileta Atuganile. Alikuwa amesikia kwamba tawi la chuo pale mjini limeanza kufundisha stashahada ya juu ya usimamizi wa biashara, masomo ya jioni na Jumamosi, kwa watu walio kazini. Wote wawili walikuwa na stashahada za kawaida walizozipata ujanani na kuzifungia sandukuni. Basi akamfuata Sekela kituoni, akamkuta katikati ya madumu ya maziwa, akamwambia wameendesha mambo kwa kubahatisha vya kutosha, sasa wakasome. Sekela akasema umri umeenda, ana watoto, ana mume. Atuganile akamjibu kwamba hajasikia chuo kikikataza hata kimoja katika hivyo. Wakaenda wakajiandikisha.

Ndugu zangu, waliosoma wakiwa watu wazima wanajua. Unarudi nyumbani umechoka, unafungua kitabu, unasoma ukurasa mzima, halafu unagundua ulikuwa unawaza mboga. Lakini hawa walisaidiana. Walikuwa wakijisomea pale pale kwenye chumba cha ushonaji, juu ya meza ya kukatia vitambaa. Masomo ya masoko na ya kusimamia wafanyakazi Atuganile aliyameza kama uji, na mafundi wake wote waligeuka mifano ya darasani bila kuulizwa. Kilichomtesa kilikuwa takwimu. Sekela akimweleza kwa lita za maziwa, alielewa vizuri sana. Akirudi kwenye kitabu, anapotea tena.

Kisha baba yake Sekela akaugua, akalazwa. Sekela akawa analala hospitali, na akamwambia mwenzake kwamba yeye basi, chuo kimemshinda. Atuganile hakubishana naye. Alichofanya ni kuhudhuria darasa kwa niaba ya watu wawili. Akitoka chuoni anapitia hospitali, wanakaa kwenye benchi nje ya wodi, anamsimulia somo lote, akiiga sauti ya mwalimu na namna anavyotembea, mpaka wauguzi wanatoka kuwanyamazisha. Mzee akapona, akarudi nyumbani, na Sekela akaingia kwenye mitihani hajapungukiwa kitu.

Mnaona urafiki huo? Sasa sikilizeni kilichotokea.

Siku matokeo yalipotoka, Sekela aliyaangalia kwenye simu akiwa kituoni. Amefaulu, tena kwa alama nzuri. Akaegemea ukuta, akafumba macho, akamshukuru Mungu. Hajamaliza kushukuru, simu ikaita. Alikuwa Atuganile, na sauti yake siku hiyo haikuwa na kicheko.

"Mwenzangu, takwimu imeniangusha. Wewe umeonaje yako?"

Na Sekela akasema, "Mtandao unasumbua. Sijayaona bado."

Wapendwa, hakusema hivyo kwa ubaya. Alisema kwa huruma. Aliona aibu kusimama juu akimtazama chini mtu aliyembeba. Akajiambia, acha kidonda chake kipoe kwanza, nitamwambia kesho. Kesho ikafika, akaona bado mapema. Nani hapa hajawahi kusema uongo wa namna hiyo, uongo unaovaa nguo za upendo?

Nyumbani mumewe alitaka kuchinja mbuzi na kuita majirani. Sekela akamkataza, akawakataza na watoto wasitamke neno nje. Akamweleza mumewe kwamba Atuganile akisikia vigelegele katika nyumba hii ataumia, na pengine urafiki utaingia doa.

"Huyo unayemwogopa," mume akauliza, "ni Atuganile huyu ninayemjua mimi?"

Sekela akaenda kufunga dirisha.

Hata mwenyekiti wa ushirika, ambaye alikuwa amemwahidi kwamba akifaulu atapewa umeneja wa kituo, aliombwa asitangaze kwanza. Mwenyekiti akashangaa, maana amezoea watu wanaokuja kuomba vyeo vyao viharakishwe, hajawahi kumwona anayeomba chake kicheleweshwe. Akakubali.

Na kwa kuwa uongo una kazi nyingi za kufanya, Sekela akaanza kuukwepa mtaa wa sokoni. Akapita njia ya juu, ya kuzunguka, yenye matope. Akipigiwa simu anasema ana wageni. Mtu ambaye alikuwa hamalizi siku bila kumwona rafiki yake, sasa akisikia kicheko kwa mbali anageuza njia. Na alikuwa anamkosa, ndugu zangu. Alifaulu mtihani aliouhangaikia, na hakuwa na mtu wa kufurahi naye, kwa sababu mtu huyo ndiye aliyekuwa anamkimbia.

Atuganile naye hakuwa mjinga. Aliona mwenzake haonekani, hapokei simu, anapita vichochoroni. Akafikiri, akapata jibu moja tu: Sekela naye amefeli, na anaona aibu kusema.

Mnajua alifanya nini? Aliyaweka pembeni machungu yake mwenyewe, akapika ndizi na nyama, akajaza hotpoti, akapanda mpaka kwa Sekela. Akamkumbatia mlangoni kabla hajakaribishwa. Akamwambia asijifiche kwake, mtihani si mauti. Tena alikwisha kuongea na mwalimu, watarudia wote wawili, na safari hii meza ya kukatia vitambaa ataiondolea vitu vyote ili wapate nafasi ya kutosha.

Sekela alifungua kinywa ili aseme. Ikatoka asante. Alikula zile ndizi na hakuzisikia ladha.

Jambo likazidi kuwa gumu. Wiki iliyofuata, umoja wa wanawake wa kanisa ukaja kumfariji, maana Atuganile alikuwa amewaomba waende wakamtie moyo dada yao. Sebule ikajaa. Wakaimba. Mmoja akatoa ushuhuda wa mwanawe aliyerudia darasa na leo ni mhandisi. Mwingine akasema kwamba vyeti ni vya dunia hii. Sekela ameketi katikati yao, kainamisha kichwa, na kila anayemwona anadhani ni huzuni.

Kisha wakapiga magoti, na aliyeongoza maombi alikuwa Atuganile. Akamwomba Mungu amwinue Sekela, amwondolee aibu, amfungulie mlango wa kazi aliyokuwa akiitamani. Akaomba kwa machozi. Na katika maombi yale yote, wapendwa, hakulitaja jina lake mwenyewe hata mara moja. Aliyefeli amepiga magoti, anamlilia aliyefaulu.

Wakasema amina, wakanywa chai, wakaanza kuaga mmoja mmoja. Atuganile akabaki nyuma kuosha vikombe, kwa sababu yeye hapo si mgeni. Sekela akasimama kwenye mlango wa jikoni, akaona hawezi tena.

"Atuganile, mimi nimefaulu."

Mwenzake akaendelea kukipangusa kikombe. "Umefaulu lini?"

"Siku ile ile uliponipigia. Nilikuwa nimeshayaona."

Kikombe kikawekwa mezani, taratibu. Atuganile akavuta kigoda akaketi. Sekela akaanza kueleza, maneno yakimtoka kwa kukatika: kwamba hakutaka kumuumiza, kwamba alikuwa akisubiri apoe, kwamba asingeweza kufurahi mbele yake. Akaeleza mpaka maneno yakamwishia.

Atuganile akasema, bila kupaza sauti, "Kufeli kuliniuma. Nikalia, nikanyamaza, nikarudi kwenye cherehani. Lakini wewe ulikaa peke yako ukaupima moyo wangu, ukaona hautoshi kubeba furaha yako. Takwimu niliifeli, Sekela, lakini angalau nilipewa karatasi nikajaribu. Kwako nimefelishwa bila kufanya mtihani."

Akajifuta mikono, akatoka nje. Sekela akasikia hatua zake zikivuka uwanja, zikielekea barabarani. Akakaa kwenye kile kigoda, akafunika uso. Akajua amempoteza.

Ndipo huko nje kikapigwa kigelegele.

Kilikuwa kimoja, kirefu, chenye machozi ndani yake. Kikafuata kingine. Wale wanawake waliokuwa wakiteremka kilima wakasimama, wakageuka, wakaanza kupanda mbio, wengine wakiwa wameshika viatu mkononi kwa ajili ya utelezi, wakiuliza kuna nini, kuna nini. Wakamkuta Atuganile amesimama katikati ya uwanja, mashavu yamelowa, anawaambia kwa sauti mtaa wote usikie: Sekela amefaulu! Rafiki yangu amefaulu! Na Sekela alipotoka mlangoni, Atuganile ndiye aliyemfikia wa kwanza.

Sasa niwaulize, ndugu zangu. Katika hao wawili, nani alifeli?

Sisi tumezoea kuhubiriwa juu ya wivu. Kila mwaka tunaambiwa tusimwonee kijicho aliyefanikiwa, na ni kweli, tusimwonee. Lakini leo sina neno kwa mwenye wivu. Leo nina neno kwako wewe unayeficha. Umejenga, umenyamaza. Binti amechumbiwa, umenyamaza. Umepona ugonjwa ambao watu walifunga na kuomba kwa ajili yako, nao bado wanafunga mpaka leo, maana hukuwaambia. Tukikuuliza kwa nini, unasema, watu wabaya. Watu gani? Ni yule dada aliyekaa na wewe hospitali? Ni yule kaka aliyekuazima suti siku ya harusi yako? Umewahi kumwona akikuchukia, au umemhukumu hajasema neno?

Tumeagizwa tulie na wanaolia, tufurahi na wanaofurahi. Nusu ya kwanza tunaijua sana. Msiba ukitokea hatuhitaji kuitwa. Lakini wewe ukiificha furaha yako, jirani yako ataitimizaje ile nusu ya pili? Unamfungia mlango wa utii wake, halafu unasema umefanya hivyo kwa kumpenda. Kumpenda mtu ni kumdhania mema. Ni kuamini kwamba Mungu aliyekuumbia wewe moyo wa kumwonea huruma, na yeye amemuumbia moyo wa kukushangilia.

Nakubali, wapo watakaonuna. Waache wanune, hao wana jambo lao na Bwana. Lakini kwa kuwaogopa wale wachache waliokunja sura, sisi tumewanyima vigelegele wanaotupenda, na wao bado wanapanda vilima vyetu na hotpoti mikononi, wakitufariji kwa misiba ambayo hatuna.

Kuna mtu umemficha jambo jema. Umeshamkumbuka, naona kwenye nyuso zenu. Usingoje apoe. Yuko hapa hapa kanisani, pengine benchi la nyuma yako. Tutakaposimama sasa hivi, kabla sijaomba, geuka umwambie.