Kobe Aliyetaka Kupinduliwa

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na nini?
Palikuwa na gamba na mwenye gamba.
Na mwenye gunia je?
Huyo alikuja baadaye. Sogeeni, niwape yote.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakisema na watu wakisikia, watu wa mji wa Kitongani walipenda mno kobe. Kila nyumba ilitaka kobe uani. Wakakamatwa, wakakamatwa, wakakamatwa, hata mlima ulio nyuma ya mji ukakaribia kuwa mtupu. Ndipo Jumbe wa mji, mwanamke aitwaye Mwanatenga, alipopiga mbiu: "Kobe wa mwitu asiguswe. Mwenye kutaka kobe afuge aliyeanguliwa uani."

Watu wakatii. Bwana Mselemu, muuza kobe, hakutii.

Bwana Mselemu alikuwa na ua mpana uliofagiwa, umezungushiwa fito. Kobe wake walianguliwa humo na kukulia humo, wakila mchicha na maboga, hawajui mwamba wala mwiba. Magamba yao yalikuwa laini, ya manjano iliyokolea, na madoa meusi kama nakshi. Aliyewapita wote kwa uzuri aliitwa Zari. Lakini kobe hakui kwa siku mbili, na wanunuzi wana haraka. Bwana Mselemu akachukua gunia, akapanda mlimani.

Huko akamkuta kobe jike, jina lake Sikitu. Sikitu alikuwa na mayai tumboni, anachimba shimo la kutagia kwa miguu ya nyuma, na kobe akichimba hatazami nyuma. Akashtukia yumo guniani.

Alipomwagwa uani, kobe wa uani wakamzunguka, wakamcheka. Maana Sikitu alikuwa na rangi ya vumbi. Ubavu mmoja ulikuwa mweusi kwa moto wa nyika. Mgongoni palikuwa na michirizi ya meno ya fisi. Kwingine kote jua lilikuwa limekwisha kunywa rangi.

"Umepakwa nini wewe?" Zari akamwuliza.

"Sikupakwa," Sikitu akasema. "Nimeishi."

Bwana Mselemu akampapasa tumbo, akayahisi mayai, akatabasamu. "Taga, mama, taga. Watakaotoka hapa ni wa uani, ni halali yangu, na watoto wao halali yangu. Nawe nitakusugua mpaka uwe wa uani."

Hasira ikampanda Sikitu kutoka ukucha hata utosi. Akalikaza tumbo lake. "Sitagi hapa," akasema. Mayai yakamwuma, naye hakutaga.

Siku ya kwanza Bwana Mselemu akamsugua kwa mchanga na makumbi ya nazi. Vumbi likatoka. Sikitu akaimba, nanyi mniitikie:

Mweusi wa moto ni mimi,
*Mselemu, rudisha changu.*
Mkwaruzo wa fisi ni mimi,
*Mselemu, rudisha changu.*

Siku ya pili akamsugua kwa majani ya msasa. Weusi wa moto ukatoka. Sikitu akaimba:

Nilichokipata kwa moto nakitaka,
*Mselemu, rudisha changu.*

Siku ya tatu akaja na tupa ya kunolea mapanga. Jamani, gamba la kobe si jiwe, lina uhai. Tupa ikapita juu ya meno ya fisi, ikapita, ikapita, hata damu ikatona. Sikitu hakuimba. Alimtazama Bwana Mselemu usoni, asipepese. Bwana Mselemu akampaka mafuta ya nazi na manjano ya kusaga, akang'aa kama sahani ya arusi.

Hata Jumbe Mwanatenga akaja kukagua nyua, watu wengi nyuma yake. Akamwona Sikitu.

"Huyu mkubwa ametoka wapi?"

"Ni mzaliwa wa hapa, Jumbe. Tazama rangi yake."

"Mwongo," Sikitu akasema. "Mimi ni wa mlimani."

Jumbe akamgeukia Zari. "Huyu ni wa kwenu?"

Zari akaiona tupa mkononi mwa bwana wake. "Ni wa kwetu," akasema.

"Sema tena."

"Ni wa kwetu."

Watu wakaanza kuondoka. Sikitu akajikokota hadi miguuni pa Jumbe. "Jumbe," akasema, "umetazama alipopaka yeye. Mimi nipindue."

Watu wakageuka. Kobe kupinduliwa chali ni aibu, tena ni kifo. Kobe haombi jambo hilo. "Nipindue, nasema."

Wakampindua. Miguu ikapunga hewani, na huko chini, ambako Bwana Mselemu hakuona haja ya kusugua, gamba lilikuwa limelika kwa kuburuzwa miambani, na udongo mwekundu wa mlima umeingia katika kila ufa. Jumbe akamwinua Zari, akamtazama chini: peupe, laini, bila mkwaruzo.

"Zari, huyu ni wa kwenu?"

"Si wa kwetu," Zari akasema. "Aliletwa kwa gunia."

Jumbe akaamuru fito ziondolewe zote, na Bwana Mselemu asifuge tena hata kuku. Bwana Mselemu akalia, akaomba, akaapa. Hakusikilizwa. Kisha Jumbe akamrudisha Sikitu miguuni kwa mikono yake mwenyewe, akamwambia, "Tuwie radhi." Sikitu akampa mgongo.

Zari akamfuata hadi mwisho wa ua. "Mama, nilisema kweli."

"Ulisema nilipokwisha kupinduliwa," Sikitu akamwambia, akashika njia. Zari akasimama pale kwenye mashimo ya fito. Mbele yake kulikuwa na mawe. Akarudi kwenye maboga.

Sikitu akapanda mlima na maumivu yake, akachimba, akataga. Mvua zilipokuja, wanawe wakatoka ardhini mmoja mmoja. Na wote, nawaambieni, wote walikuwa wa manjano iliyokolea, laini, wazuri kama Zari. Maana kobe wote huzaliwa hivyo.

Sikitu akawatazama sana. Hasira yake haikuisha. Haijaisha hata leo.

"Mmependeza," akawaambia. "Sasa nendeni mkakwaruzike."

Ngano yangu naitua hapa. Funzo lake ni hili: anayekufuta alama zako hakupambi, anakuibia, na anayejua kweli akaisema kwa kuchelewa, asingoje shukrani. Mlioipenda, ipokeeni na vumbi lake. Msioipenda, isugueni mtakavyo, ila msinipake mimi manjano.