Redio za Bruhan

Wapo wanaodhani kwamba "Kawia ufike" ni kibembelezo cha wavivu. Bruhan, fundi wa redio wa Walukuba mjini Jinja, alikuwa mmoja wao, na laiti angalizinduka mapema!

Bruhan alitengeneza redio ndogo za mkononi kwa wanakijiji wanaolinda miteremko iliyo juu ya Mbale, ambako simu hazishiki mtandao na mvua huporomosha udongo. Kila redio ilijua mahali ilipo, ikapokezana ujumbe na jirani yake mpaka uwafikie waokoaji mjini. Bruhan aliziamuru daima ziitafute redio iliyo karibu zaidi na mji. Ujumbe ukawa unafika kufumba na kufumbua, naye akavimba kichwa.

"Bwana Bruhan," mwenzake Jigna alimwonya, "kila ujumbe unapitia kwa Mafabi, kwa sababu yeye ndiye anayekaa upande wa mjini. Betri yake itakwisha. Acha mwingine uzungukie kwa wenye chaji."

"Uzunguke uchelewe? Dada Jigna, watu wanataka mbio!" Bruhan akatia masikio pamba.

Ukaja msimu wa imbalu, vijana wakitahiriwa na ngoma zikirindima kila kijiji. Salamu na mialiko ikamiminika redioni, yote kupitia redio ya Mafabi, mpaka ikazimika kama kibatari kilichoishiwa mafuta. Alasiri hiyo hiyo mvua kubwa ikanyesha, mlima ukameguka, udongo ukaifukia nyumba ya Bi Nabalayo. Mwanawe, Masaba, akashika redio kuwaita waokoaji. Ujumbe wake ukakwama njiani ukimtafuta Mafabi, ilhali redio za upande wa pili, zenye chaji tele, hazikuulizwa kitu.

Bruhan alikuja mazishini akakosa pa kuyaweka macho yake. Masaba hakumtukana, afadhali angemtukana.

"Bwana, mama alikuwa anaita ndani ya matope. Mimi natuma, natuma, redio inanyamaza tu. Sisi tunachimba na mikono mpaka sauti yake inaisha."

Bruhan alilia kama mtoto. Baadaye alizibadilisha redio zote. Siku hizi ujumbe huzungukia kwa wenye chaji, huchelewa kidogo, na hufika. Lakini Nabalayo hakurudi, na kila mvua inyeshapo moyo wa Bruhan humsuta. Aliyeng'ang'ania mbio ndiye aliyekosa kufika; waliosema kawia ufike hawakukosea.