Kipande cha Kwanza cha Ndafu

Haya, sogezeni viti, na anayetafuna amalize kutafuna. Mwisho wa habari hii nitauliza swali, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Walikuwepo watu watatu wenye vipaji ambavyo hakuna chuo kinachovitolea cheti. Wa kwanza ni Mzee Lyatuu wa Machame, mwenye sauti ambayo akisalimia shambani kwake, watu wa ng'ambo ya mto wanaitikia. Wa pili ni mwanawe mkubwa, Elinami, aliyeacha shule kidato cha pili akafungua karakana ya kuchomelea vyuma, na vyuma vikamtii. Wa tatu ni Somoe, binti wa Lindi, ambaye kipaji chake kilikuwa kuchelewa. Alichelewa kula, alichelewa darasani, na mama yake anaapa kwamba hata kuzaliwa alichelewa wiki mbili.

Katikati yao alikuwepo Aikande, binti wa mzee, mdogo wake Elinami, mwenzake Somoe wa chumba kimoja chuoni. Alikuwa mwaka wa tatu wa uhandisi wa majengo. Nyumbani hakuna aliyemwita Aikande tena, maana baba yake alishatangaza kanisani, sokoni, hata misibani: "Injinia wangu!" Jina lilimlemea. Akifungua simu anaona waliomtangulia chuoni, huyu kaajiriwa, yule kaanza shahada ya pili. Usingizi ukamhama.

Matokeo yakatoka, akafeli somo la uimara wa vyuma, lile la kujua boriti itabeba uzito gani kabla haijapinda. Ulikuwepo mtihani wa marudio, sapu kama wanachuo wanavyouita, baada ya wiki tano. Aikande hakutaka hata kuusikia. Aliandika barua ya kuacha chuo, akampa Somoe aifikishe ofisini, akapanda basi la kwao macho yamemvimba.

Jumapili baada ya ibada ndugu wakajaa uani.

"Injinia, daraja la kwanza unatujengea wapi?" akauliza mjomba.

"Na ajira je? Na mchumba?" akadakia mama mdogo.

Aikande akasingizia kwenda kukata majani ya ng'ombe, akajificha migombani akalia. Baba yake akamkuta huko.

"Baba, nimefeli. Na chuo nimeacha."

Mzee akakaa chini na suti yake ya kanisani, juu ya majani makavu ya migomba. Kwa mara ya kwanza maishani akanong'ona: "Pole, mwanangu." Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya ukoo wote. "Huyu anaitwa Aikande! Injinia nilimwita mimi, kwa kiherehere changu. Kuanzia leo, atakayemuuliza habari za masomo, ajira au mchumba, atatoa debe la mbege, pombe yetu ya ndizi!"

"Hata kumuuliza kama masomo yanamchosha?" akauliza mjomba. Akatozwa debe palepale. Aikande akacheka kwa mara ya kwanza tangu arudi, na kuanzia siku hiyo akawa analala mpaka majogoo wanachoka kuwika.

Kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akaanza kushinda karakanani. Elinami alikuwa na geti kubwa la zahanati la kumaliza, akafurahi kupata mtu wa kumshikia vyuma bure. Siku moja akachukua ubapa mrefu wa chuma, akaulaza juu ya mawe mawili.

"Kalia hapo katikati."

Aikande akakaa. Chuma kikabonyea hadi akagusa vumbi. Elinami akachukua ubapa wa pili, ndugu wa ule wa kwanza, akausimamisha kwa ukingo juu ya mawe yaleyale, akatandika gunia, akaushikilia. "Kalia tena." Safari hii chuma hakikutikisika.

"Kaka, hiki ni kinene zaidi?"

"Unene ni uleule, dada. Kimekaa vingine tu."

Aikande akaruka juu. "Ndicho alichokuwa akisema mhadhiri muhula mzima!" Akaokota chaki, akaandika kanuni yote kwenye bati la geti. Kuanzia hapo kila siku alipiga hesabu kwanza, kisha akapinda chuma, na hesabu ikakubaliana na chuma. Akautamani ule mtihani mpaka roho ikamuuma. Lakini chuo si alishaacha? Akampigia Somoe ili walau ajue walivyoipokea barua.

"Barua gani, shoga?" Ikasikika zipu ya begi. "Uwii! Hii hapa! Imelowa mafuta ya nazi. Nisamehe shoga yangu, kila siku nasema kesho."

Aikande akapiga ukelele hadi Elinami akazima mashine. "Usiipeleke! Ichane!"

"Nitaichana. Ngoja nimalize kula."

Sapu ilikuwa imebaki siku nne. Aikande akaenda, akaufanya mtihani, akafaulu. Mwaka uliofuata akamaliza, akavaa joho.

Sherehe ikafanyika Machame. Akaletwa ndafu, mbuzi mzima aliyechomwa, amesimama na majani mdomoni, na alichinjwa na Mzee Shabani, jirani Mwislamu, ili na wageni wa Lindi wale kwa amani. Mshereheshaji akampa Aikande kipande cha kwanza kwenye uma. "Mlishe yule ambaye bila yeye tusingekuwa hapa!"

Vigelegele vikapigwa. Watu watatu wakafungua midomo.

Aikande akasimama na uma mkononi. Bila baba, asingepata utulivu wa kushika hata kalamu, ila aliyemtwisha mzigo wenyewe ni baba huyohuyo. Bila kaka, angefanya mtihani na kufeli tena, ila kaka alikuwa anatafuta mshika vyuma. Bila Somoe, mtihani wenyewe usingekuwepo, ila Somoe hakumwokoa kwa kukusudia, alisahau tu. Akawatazama mmoja mmoja, na wote aliwapenda hadi machozi yakamlenga.

"Mzazi kwanza!" wakapaza sauti wazee.

"Fundi! Fundi!" wakajibu vijana wa karakana.

"Mimi nitasubiri," akasema Somoe, "nimezoea." Lakini mdomo hakuufunga.

Ndipo shangazi yake, aliyekuwa kimya nyuma ya sufuria, akasema, "Na yule aliyeingia peke yake kwenye chumba cha mtihani, yeye hali?"

Mshereheshaji akakuna kichwa, maana tangu aanze kazi hajaona mtu akijilisha kipande cha kwanza cha ndafu.

Haya, wenzangu. Uma sasa uko mkononi mwako, midomo iko wazi, na mbuzi anapoa. Wewe ungemlisha nani?