Punje ya Ishirini na Moja

Kimya si cha aina moja. Kuna kimya cha adabu na kuna kimya cha usingizi, lakini kipo na cha tatu, ambacho kwa nje hufanana na adabu huku kwa ndani kinajaza kitu. Wahenga walikichungua hicho cha tatu, wakasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Maana yake ni kwamba jambo lisilosemwa haliondoki. Hukaa, hujikusanya, na siku litakapotoka, hutoka kwa kishindo. Bi Mwanabaraka aliijua methali hiyo tangu utotoni kwao Mombasa, lakini hakuiona kwa macho yake mpaka alipokwenda kukaa Richardson, jirani na mji wa Dallas, nyumbani kwa mwanawe Aboud.

Alikwenda kumlea mjukuu wake Hadiya, mtoto wa miaka sita. Aboud aliendesha lori la mizigo baina ya Dallas na Houston, na siku nyingi hakulala nyumbani. Mkewe Lubna alikuwa muuguzi. Alirudi jioni hoi bin taabani, miguu imevimba kama mkate wa mofa. Katika juma lake la kwanza, alfajiri moja, Bi Mwanabaraka alisikia kitu kikilia darini, tii, kikanyamaza, kikalia tena, tii. Akaamsha nyumba nzima. Walisimama uani na mablanketi katika baridi ya Januari, meno yakigongana. Kumbe kilikuwa king'ora cha moshi, kinadai betri mpya.

"Mama," Lubna alisema, usingizi bado umo machoni, "hapa kila kitu kina sauti yake. Usishtuke."

Hakuyasema kwa ubaya. Lakini maneno yale yalimwingia mkwewe kama mwiba wa samaki kooni. Tangu siku ile Bi Mwanabaraka alijiapiza: vilie vitakavyolia, yeye hataamsha mtu.

Katika ushoroba, ubavuni mwa chumba chake, kulikuwa na kabati, na ndani ya kabati boila ya gesi iliyowachemshia maji. Kila maji ya moto yalipofunguliwa, kiwashio kiligonga cheche, ta-ta-ta, kisha moto ukashika, vuu. Bi Mwanabaraka alipokaa juu ya mswala wake alikuwa na mazoea ya kuvuta punje za tasbihi huku akiusubiri moto huo. Mwanzoni zilipita punje tatu. Baada ya juma moja zikawa tano, kisha tisa. Cheche zilibisha hodi na moto usiitikie, na ulipoitika uliitika kwa pigo lililoutikisa mlango wa kabati.

"Kila kitu kina sauti yake," alijiambia, akalimeza neno kama mtu amezaye shubiri.

Hilo halikuwa neno pekee alilolimeza. Hakusema kwamba uji wake wa mtama ulibaki sufuriani kila siku, wala kwamba nyumba ile ilikuwa pweke mchana kutwa. Alimpigia tu simu Aboud, akamwomba Jumamosi ampeleke Houston, mtaa wa Sharpstown, kwa nduguye Khalfan, "nibadilishe hewa kidogo." Akaanza kufungasha kidogo kidogo, kila siku kanga moja. Lubna hakuuliza. Jikoni walipishana kwa heshima kama wageni wa hoteli.

"Umeamkaje, Mama?"

"Salama, mwanangu."

"Chai ipo."

"Ahsante."

Basi, yakaishia hapo.

Alhamisi asubuhi Lubna aliingia bafuni akafungua maji ya moto. Hadiya aliketi sakafuni katika ushoroba akivaa viatu vya shule, mgongo ameupa kabati. Kiwashio kikaanza, ta-ta-ta. Bi Mwanabaraka, chumbani mwake, akavuta punje. Tisa. Kumi na tano. Pua yake ikanusa kitu mfano wa yai lililooza. Ishirini. Cheche zilikuwa zingali zinagonga. Ilipofika punje ya ishirini na moja, hakukumbuka tena kiapo wala kinyongo.

"Hadiya! Njoo kwangu! Njoo mbio!"

"But Bibi, kiatu changu..."

"Kiache! Njoo!"

Mtoto alimrukia kifuani. Papo hapo, bum! Mlango wa kabati ukang'oka bawaba moja, na ulimi wa moto ukatoka, ukalamba sakafu pale alipokuwa ameketi mtoto, ukarudi ndani. Kiatu kilichobaki kilibabuka kisigino.

Lubna alitoka mbio, kanga kifuani na sabuni usoni. Alipomwona bintiye mzima mikononi mwa bibi yake, aliwakumbatia wote wawili. Walikimbilia nje wote watatu, na simu ikapigwa kutoka ng'ambo ya barabara. Watu wa gesi wakaja, wakafunga bomba, wakafungua madirisha yote.

Adhuhuri alifika Dedan, fundi wa boila, mzaliwa wa Nakuru, ambaye Lubna alielekezwa kwake na wenzake wa kazini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alilala kifudifudi kwa tochi, akatoa kichomeo, akawaonyesha. Vitundu vyake vilikuwa vimezibwa na kutu na vumbi.

"Mnaona? Gesi inakuja, moto haiupati. Sasa haina pa kwenda, inakaa hapa ndani kimya, na nyingine inakuja juu yake. Ni kama wageni wa arusi wanaongojea pilau. Saa ya kwanza wametulia, saa ya pili wametulia, na pilau ikiingia hapo, mama, jihadhari na meza!"

Bi Mwanabaraka alicheka bila kupenda. Dedan akaendelea, "Lakini haianzi siku moja. Ilianza kuchelewa lini?"

"Hatukujua," alisema Lubna.

"Mimi nilijua," alisema Bi Mwanabaraka, akaitazama tasbihi yake. "Juma la kwanza punje tatu. La pili tano. Jumatatu tisa. Leo ishirini na moja."

Dedan aliketi kitako. "Mama, hata sisi mafundi hatuweki hesabu namna hiyo!"

Lubna hakucheka. Aligeuka taratibu. "Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Uliniambia kila kitu hapa kina sauti yake. Nikaona niziache zilie."

Lubna alijishika mdomo. Machozi yakaanza kumtiririka, na mkwewe, aliyekuwa amejiandaa kwa majibu mengine, hakujua afanye nini na mikono yake.

"Mama, nisamehe. Ulikuwa usingizi ukisema, si mimi." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Mimi nami nilikuwa na hesabu yangu. Kila siku nikifungua kabati lako kuweka nguo, naona kanga moja imepungua. Jana zilibaki mbili. Nikanyamaza. Nilidhani umenichoka."

"Nikuchoke wewe? Uji wangu huugusi!"

"Uji? Mama, nauacha ili wewe upate kunywa mchana! Naondoka hapa na njaa yangu!"

Walitazamana. Kisha Bi Mwanabaraka akamvuta mkaza mwana wake, akakilaza kichwa chake chenye sabuni iliyokaukia nyweleni juu ya bega lake, akampapasa kama ampapasavyo Hadiya.

"Mpigie Khalfan," alisema mwishowe. "Mwambie Houston sendi. Akinitaka, aje yeye, na aje na njaa."

Dedan alisafisha kichomeo, akabadilisha kiwashio, akarudisha gesi. Aliwaambia wasogee nyuma. Hadiya, kiatu chake kilichobabuka mkononi, alijificha nyuma ya bibi yake, na Lubna akaishika ile tasbihi pamoja na mkwewe, vidole juu ya vidole. Ta-ta-ta. Punje moja ikapita. Ya pili ilikuwa bado iko kidoleni moto ulipoitika, laini, vuu.

"Sasa hiyo," Bi Mwanabaraka aliwaambia, "ndiyo sauti yake. Ikichelewa tena, nitapiga kelele mpaka Houston wasikie."

"Piga, Mama," alisema Lubna. "Piga hata ikiwa ni betri."

Kiatu kile hakikutupwa. Kimewekwa juu ya kabati la ushoroba, kisigino kikitazama nje, na kila akionaye akauliza husimuliwa kisa hiki, ili naye akubali kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.