Jiwe Chini ya Laptopu

Mficha maradhi kifo humuumbua. Wahenga waliposema hivyo hawakuwalenga wagonjwa wa hospitalini peke yao. Walimlenga pia yule anayeona kasoro ikichipuka mbele ya macho yake, akaifunika kwa tabasamu na kusema "hakuna shida", akidhani kwamba kasoro isiyotajwa hufa yenyewe. Thubutu! Kasoro isiyotajwa hunenepa. Anayebisha na aende Ekerenyo, kule Nyamira, amuulize Nyanchoka.

Nyanchoka na kakake Haron walikuwa na kazi ya kupeperusha mazishi na harusi mubashara kwenye mtandao. Haron alishika kamera, naye Nyanchoka aliketi mbele ya laptopu akizituma picha kwa jamaa walio ng'ambo. Nyumba nyingi za huko zina mtoto aliye Marekani, na si kila mtoto anaweza kupanda ndege mzazi wake anapofariki.

Mokua alikuwa mmoja wao. Alikuwa mwana wa kwanza, tena wa pekee, wa Edinah, mjane aliyemlea kwa kuchuma majani chai. Mwaka mzima Edinah aliugua uvimbe tumboni, na kila Mokua alipopiga simu aliambiwa, "Mimi ni mzima, mwanangu. Fanya kazi yako." Siku moja simu ikapokewa na mtu mwingine. Mokua akatamani kuja, lakini vibali vyake vilikuwa bado kukamilika. Angetoka Marekani, asingeruhusiwa kurudi.

Kwa desturi ya ukoo wao, udongo wa kwanza hutupwa kaburini na mwana wa kwanza. Wazee walikaa, wakavutana, mwisho wakaafikiana. Mokua angeyatazama mazishi kupitia laptopu, amuage mamake kwa spika zilizowekwa uani, kisha aseme, "Tupeni." Hapo ndipo binamu yake Bosire angetupa udongo kwa niaba yake.

"Lakini msitucheleweshe," alionya Mzee Onchiri, shemeji ya marehemu. "Mazishi ni Ijumaa. Sabato inaingia jua likizama, na mvua ya huku mnaijua."

Haron alimgeukia dadake. "Mashine iko sawa?"

"Ni nzima kabisa, kaka. Wewe shughulika na kamera yako."

Jamani, ulimi hauna mfupa! Mashine ile haikuwa nzima, na Nyanchoka alijua.

Laptopu hiyo ilikuwa na mifumo endeshi miwili; mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoiamsha mashine na kuigawia kazi. Mfumo wa zamani ulikuja nayo dukani. Mfumo mpya aliuweka Nyanchoka mwenyewe mwezi uliotangulia, baada ya kusikia sifa zake. Ulikuwa wa bure, uliwaka upesi, nao haukusumbua kwa matangazo. Haron alisitasita. Nyanchoka akamcheka mbele ya watu, akauita ule wa zamani mfumo wa wazee wenye mikongojo. Haron akacheka pia, yakaisha.

Hayakuisha. Tangu siku hiyo, kila Nyanchoka alipotuma video kwa mfumo mpya, laptopu ilichemka. Akirudi kwa ule wa zamani, kazi ile ile, video ile ile, mashine ilitulia. Alijaribu tena na tena Haron akiwa hayupo, na kila mara jibu lilikuwa lile lile.

Siku mbili kabla ya mazishi alikwenda mjini Kisii kununua waya katika duka la Mzee Jagdish. Mwanawe Jagdish, Aakash, ambaye hutengeneza kompyuta, aliigusa ile laptopu iliyokuwa ikiwaka juu ya kaunta. Akaurudisha mkono haraka.

"Dada Nyanchoka, hii umeitoa mekoni?"

Nyanchoka akacheka kicheko cha kujilazimisha, kisha akamweleza. Aakash akabofya hapa na pale, akatikisa kichwa.

"Mfumo si mbaya, na mashine si mbaya," alisema. "Shida ni kwamba hawajatambulishana. Ndani humu mna chipu ya picha, na kazi yake ni video. Mfumo wa zamani unaijua, unaipa kazi. Huu mpya hauioni, kwa sababu hujaweka programu ya kuitambulisha. Kwa hivyo mzigo wote unabebwa na prosesa, ule ubongo wa mashine. Ni kama matanga ya watu mia tano anapika mama mmoja, na wapishi wengine wameketi hapo nje hawajaitwa. Huyo mama si atazimia?"

"Sasa tufanye nini?"

"Niachie hadi kesho, nitaiweka. Kama una haraka, siku ya kazi washa ule wa zamani. Basi."

Basi! Jambo lilikuwa jepesi hivyo. Lakini angeiacha pale, Haron angeuliza iko wapi. Angeuwasha mfumo wa zamani, Haron angeuliza wale wazee wenye mikongojo wamerudi lini. Nyanchoka aliona afadhali mashine ichemke kuliko yeye kuchekwa. Akalipa waya wake, akaitia laptopu mkobani.

"Nitarudi," alisema, wala hakurudi.

Nyumbani kwao kulikuwa na bamba la jiwe la sabuni, lile la kuchongea vinyago, zawadi ya mjomba wao mchongaji wa kule Tabaka. Mama yao alilitumia kusukumia chapati. Nani huko asiyejua ubaridi wa jiwe hilo? Nyanchoka alilala akiwaza joto, akaamka akiwaza jiwe. Aliiweka laptopu juu yake, akatuma video ya majaribio kwa muda mfupi, kisha akapapasa chini. Palikuwa baridi! Akajipongeza kwa ujanja wake. Hakufikiri kwamba jiwe linalonyonya joto hushiba, wala hakutazama yale matundu yaliyo chini ya laptopu, ambayo feni huvutia hewa. Alikuwa ameikalisha mashine juu ya jiwe na kuiziba pumzi.

Ijumaa ikafika. Uani kwa Edinah hema zilijaa, na waliokosa nafasi walisimama hadi kwenye migomba. Nyanchoka aliketi chini ya turubai karibu na kaburi, laptopu juu ya jiwe, jiwe juu ya meza. Kwenye kona ya kioo alionekana Mokua, amevaa suti nyeusi katika chumba kidogo, mikono imeshikana magotini.

"Nawaona vizuri," alisema Mokua kwa sauti ya kukwama. "Dada, asante. Mungu akubariki."

Nyanchoka akainamia kibodi.

Ibada ikaendelea. Majirani wakasema, wakwe wakasema, mwakilishi wa wachuma chai akasema hadi akaketishwa. Feni ya laptopu ikaanza kuvuma. Haron akainama kutoka kwenye kamera.

"Mbona inalia hivyo?"

"Ni jua tu, kaka."

Jua lenyewe lilikuwa limeshamezwa na wingu kubwa jeusi kutoka upande wa Keroka. Haron alilitazama wingu, akamtazama dadake, akarudi kwenye kamera yake. Picha ikaanza kukwamakwama. Onyo likajitokeza kwenye kioo kwamba joto limezidi. Nyanchoka akaliondoa upesi kabla ya mtu kuliona. Likarudi, naye akaliondoa tena.

Kwaya ikasimama kuimba kabla ya jeneza kuteremshwa. Walikuwa na nyimbo mbili. Muda huo ungetosha kuizima mashine, kuitoa juu ya jiwe na kuiwasha kwa mfumo wa zamani. Nyanchoka alijua. Mkono wake ulikwenda hadi kwenye kitufe, ukasimama hapo. Ilikuwa ni kusema tu, "Kaka, nilikosea." Maneno mawili! Hayakutoka. Ee Mungu, aliomba moyoni, mashine hii ivumilie kidogo tu. Wimbo wa pili ukaisha. Akaurudisha mkono mapajani.

Jeneza likateremshwa. Mchungaji akanyamaza. Bosire akainama, akachota udongo, akasimama akingoja, na watu wote wakaelekeza masikio kwenye spika.

"Mama," sauti ya Mokua ikasikika uani. "Mama, mimi mwanao..."

Kioo kikawa cheusi. Spika zikanyamaza kimya.

"Nini?" Haron akaruka. "Nini tena, Nyanchoka?"

Nyanchoka alibonyeza kitufe, akabonyeza tena. Mashine haikujibu. Matone ya kwanza ya mvua yakagonga turubai. Wazee wakatazamana. Bosire bado alikuwa amesimama ukingoni, ngumi imefumba udongo.

"Tungoje, wazee," Haron alisihi. "Tafadhali, dakika chache tu."

Mzee Onchiri alilitazama kaburi, ambalo kingo zake zilikuwa zimeanza kumomonyoka, akaitazama mbingu. Uso wake ulijaa uchungu. "Mwanangu, hatuwezi kumwacha mama yenu kwenye maji," alisema. "Bosire, tupa."

Udongo ukaanguka. Kisha majembe yakafuata, mengi kwa pamoja, kwa haraka ya watu wanaokimbizana na mvua.

Haron aliinyakua laptopu. Mkono wake ulipoligusa jiwe, akapiga ukelele. Jiwe lilikuwa limeiva kama kikaango. Akalitazama, akamtazama dadake, akaelewa bila kuelezwa. Aliipepea mashine kwa kipande cha katoni hadi ikapoa, akaiwasha kwa mfumo wa zamani. Ikaamka taratibu, imetulia, kana kwamba haikuwahi kuugua. Wakati huo kilima cha udongo kilikuwa kimesawazishwa na wanawake walikuwa wakipanda maua juu yake.

Ghafla spika zikaita uani.

"Haloo? Mnanisikia? Picha ilipotea, lakini sijaondoka. Nimesimama." Mokua alivuta pumzi. "Haya, ndugu zangu, niko tayari. Bosire, tupa."

Hakuna aliyejongea. Mwanamke mmoja akaangua kilio. Bosire alikitazama kiganja chake chenye matope, akakificha nyuma ya mgongo.

"Bosire? Tupa basi, ndugu yangu."

Nyanchoka alisimama. Akaenda hadi kwenye kipaza sauti, mbele ya wazee, wakwe na kakake, ambaye kicheko chake ndicho alichokiogopa.

"Kaka Mokua," alisema huku machozi yakimtoka, "tayari amezikwa. Kosa si la mvua wala la mtandao. Mashine hii ilikuwa inaugua, na mimi nilijua. Nilionyeshwa hata dawa yake. Nikasema ni nzima, kwa sababu niliona haya. Nisamehe."

Mvua ilisikika juu ya mabati, na pengine hata Mokua kule alikokuwa aliisikia.

"Mama naye," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo, "kila nikimpigia alisema ni mzima."

Haron alimshika dadake bega asianguke. Lile jiwe lilibaki mezani likitoa mvuke kwa matone ya mvua, na kila aliyepita alilitazama, kisha akamtazama Nyanchoka. Mwaka mzima Edinah alikuwa amesitiri uvimbe wake, na Nyanchoka alikuwa amesitiri joto la mashine kwa siku chache tu. Wote wawili waliumbuka mbele ya mtoto yule yule, siku ambayo hakuna dawa iliyofaa kitu. Hakika, mficha maradhi kifo humuumbua.