Chembe Isiyo na Ndani

Mwaka ule ukame ulikausha mto hadi Kiboko akaona haya kutembea. Simba hakutafuta maji, alitafuta hekima. Akatangaza kwamba dunia nzima imejengwa kwa chembe, na chembe ni kitu kimoja kizima: haigawanyiki wala haina ndani. Aliyeuliza "Ndani kuna nini?" aliliwa kabla ya kujibiwa.

Fisi, mtunza ghala, alifunga bunda kubwa la majani makavu, kivivu kama kawaida yake, akaliweka uwanjani.

"Hii ndiyo chembe," akasema. "Tumeikuza kwa ajili yenu wenye macho mabovu. Inama, pita, usiguse!"

Bi Sungura aliinama. Alikuwa mjane, mwanawe mmoja aliyekufa kwa kiu alikwisha kumzika, na aliyebaki alikuwa analamba mawe. Alipokuwa chini akiomba dua, aliona siafu chini ya bunda, wanakunywa.

"Bwana Fisi," akasema polepole, "chembe yako inatoka jasho."

"Huo ni utukufu, shemeji."

"Alhamdulillahi. Nikiirushia kokoto, itapenya?"

"Rusha! Ni laini yote, huku na huku!"

Kokoto ya kwanza ikapenya, ikaangukia upande wa pili. Iliyofuata vilevile. Wanyama wakashangilia, Simba akapiga miayo. Bi Sungura akaendelea kurusha, akihama kidogo kila mara, akimtaja Mungu. Ghafla moja ikalia ko! Ikarudi mbio, ikampiga Fisi puani.

"Mfalme," akasema Bi Sungura, "majani hayarudishi jiwe. Katikati kuna kitu kidogo, kigumu."

"Sheria!" Fisi akalia, ameshika pua. "Haigawanyiki!"

Lakini Simba naye alikuwa na kiu. Akalipiga bunda kofi moja. Majani yakatawanyika, ukabaki mtungi wa maji, unavuja, na kata ya Fisi ikielea ndani.

Simba akakohoa. "Ndivyo nilivyosema siku zote. Chembe ina mtungi. Ila mtungi sasa, huo ndio haugawanyiki."

"Umechelewa, Mfalme," akasema Bi Sungura, akimfuta mwanawe midomo iliyolowa. "Nimeshaanza kuugawa."

Kata ikapita kutoka mkono hadi mkono. Fisi alikuwa ameshatimuliwa hadi jangwani, pua imevimba kama boga, akilamba mawe. Siri ya mtungi aijuaye ni kata.